Turubai Mbele ya Hoteli Agape

Alhamisi, 12 Juni

Wateja wa leo: watatu. Wa kwanza alikunywa chai. Wa pili alikunywa chai pia, bila kitafunwa. Wa tatu aliuliza duka la dawa liko wapi. Namhesabu kwa sababu alikaa kwenye kiti.

Tangu mabasi yahamie stendi mpya nje ya mji, huku katikati ya Mpanda kumepoa. Zamani abiria wa Inyonga, wa Karema, wa Sumbawanga, wote walishukia mlangoni kwangu wakiwa na njaa na vumbi. Hoteli Agape! Ugali wa moto, maharage ya karanga, chai ya tangawizi. Miaka ishirini na saba nimewalisha. Sasa wanakula chipsi hukohuko stendi na kupitiliza.

Ng'ambo ya barabara, kwenye mgahawa wa Zuleha, watu tisa. Tisa! Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nafuta dirisha. Nimelifuta mara nne.

Alasiri akaja Mzee Maduhu, mwenye nyumba, na pikipiki yake, kutoka Sibwesa kwenye ng'ombe wake. Hakuketi. Akatazama viti vyangu thelathini kimoja kimoja, kana kwamba anakagua mnadani. Akanieleza kuna mtu kutoka Dar es Salaam anaitaka nyumba hii, aweke chipsi kuku, taa za rangi na muziki. Nikamkumbusha kuwa nipo hapa tangu 1998. Akajibu kwamba hata popo wa darini wapo tangu 1998. Yeye Msukuma, mimi Mfipa, tu watani, kwa hiyo siruhusiwi kukasirika. Nilikasirika kimoyomoyo.

Neno lake la mwisho: Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 21, atakuja na huyo mtu. Akikuta viti vimejaa watu, nabaki. Akikuta vitupu, nitafute pengine. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Dorika, mke wangu, alilia kidogo jikoni. Watoto wetu wote wamekulia hapa, wamefanyia hesabu za shule juu ya meza hizi.  Nikamwambia asilie, nitatafuta mpango. Akanyamaza ghafla, akanitazama kwa hofu. "Baba Fortu, nakuomba. Usiwe na mpango."

Sina bado. Lakini utakuja.

Ijumaa, 13 Juni

Umekuja! Watu huenda penye watu. Basi nimewaomba madereva wawili wa bodaboda wakae viti vya mbele, vile vinavyoonekana barabarani, ili wapita njia wavutike.

Wakakaa. Saa nzima. Kisha saa mbili zaidi. Wakanywa chai ya bure mpaka birika likaisha, kisha wakalala mezani midomo wazi. Mama mmoja akapita na mtoto mgongoni, akachungulia, akauliza kama hapa ni zahanati.

Saa nane wakaamka, wakanishukuru sana, wakavuka barabara kwenda kula kwa Zuleha.

Jumapili, 15 Juni

Kikao cha wafanyabiashara wa mtaa, baada ya misa. Wapi? Kwa Zuleha! Nilipendekeza kifanyike kwangu, kwa kuwa kwangu kuna viti vingi vilivyo wazi. Wakacheka wote. Sikuelewa wanacheka nini, kisha nikaelewa.

Walikuwepo Zuleha mwenyewe, wa wali na samaki wa migebuka, Onesphore fundi cherehani, Egide kinyozi, na Eufrazia anayeuza asali ya Inyonga kwenye chupa za soda. Kilio chetu kimoja. Mji unahamia stendi, sisi tunabaki na vumbi. Onesphore akasema wiki nzima ameshona suruali moja tu, nayo ni ya kwake.

Zuleha akatoa wazo. Jumamosi tarehe 21 tufanye siku ya kula mjini na kununua mjini. Gari la matangazo lipite asubuhi mtaa kwa mtaa. Watu waje wale kwa wenyeji, washone kwa wenyeji, wanyolewe na wenyeji. Pesa ya Mpanda izunguke Mpanda. Wakapiga makofi. Wazo zuri, nakiri. Lingekuwa zuri zaidi kama lingekuwa langu.

Uchaguzi wa mwenyekiti. Nikasafisha koo. Zuleha kura nne, mimi moja. Ile moja niliipiga mwenyewe, mikono yote miwili juu, wakahesabu mmoja. Kisha wakanipa cheo: mhusika wa turubai na viti, kwa sababu jumuiya yetu ya kanisani inavyo na huazimisha. Mhusika wa viti! Baada ya miaka ishirini na saba kwenye biashara!

Nilipokuwa natoka nikaona Zuleha bado anapikia lile jiko kuukuu lenye mguu uliopinda. Nikavuka barabara haraka.

Nyumbani nikawaza Jumamosi ile. Watu wakija mia, nusu watakwenda kwa Zuleha, wengine kwenye asali, wengine kunyolewa. Kwangu watabaki wangapi? Na Maduhu anakuja siku hiyohiyo! Siku ya kula mjini ndiyo itakuwa siku ya kunizika.

Jumanne, 17 Juni

Mpango! Sijalala vizuri kwa furaha.

Turubai liko mikononi mwangu. Viti viko mikononi mwangu. Kwa nini nisubiri Jumamosi? Nitalisimamisha Ijumaa, mbele ya Agape, kimyakimya, bila tangazo. Nani katika mji huu amewahi kuliona turubai akalipita bila kusogea? Watakuja wenyewe. Nao wakija, watakula kwangu tu. Zuleha atashtukia viti vimeshajaa.

Dorika hajui. Bahati nzuri ameondoka leo kwenda Karema kumjulia hali mama yake na kuchukua migebuka ya Jumamosi. Atarudi Ijumaa jioni, akute mume wake shujaa.

Nimekwenda kwa fundi wa mabango. Picha yangu ya maana ni moja tu, ile ya suti, siku ya jubilei ya ndoa yetu. Nimenyoosha shingo, sicheki. Fundi akasema wino wa rangi umekwisha, umebaki mweusi. Sawa. Nyeusi na nyeupe ina heshima yake. Pembeni akaniwekea maua meupe, alikuwa nayo tayari kwenye kompyuta. Hata sikumwomba! Ukarimu bado upo.

Chini ya picha tumeandika hivi:

OSWALDI LYAMBA
1998–2025
ASANTE KWA KUTUHUDUMIA

Fundi akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo, hiyo ni miaka ya hoteli yangu, kila mtu anajua. Akainua mabega. Wivu tu.

Jumatano, 18 Juni

Kwa Mama Séverine, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kuazima turubai, viti hamsini na yale masufuria makubwa. Akauliza la nini. Nisingeweza kumwambia, maana Mama Séverine akijua jambo saa mbili, saa tatu Zuleha analijua.

Nikateremsha sauti. Nikamwambia ni jambo la familia, la Ijumaa, na kwa sasa sipendi kulizungumza. Nikatazama chini ili kuongeza uzito.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza Dorika yuko wapi. Nikasema ameondoka jana kwenda Karema. Akatikisa kichwa polepole, akasema Mungu anajua. Hakuuliza tena! Na ufunguo wa stoo akanipa palepale. Sikujua kama nina kipaji hiki.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia Maduhu. Nimemwambia asisubiri Jumamosi, aje kesho mchana, atakuta viti themanini vimejaa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema Mfipa akiahidi viti themanini, nenda na mkeka wako. Lakini atakuja.

Nimezima simu. Zuleha asinipate, Egide asinipate, mtu yeyote asinipate mpaka kazi iishe. Nimenunua nyama kilo nyingi. Nimechambua maharage peke yangu, gunia nusu. Mgongo unauma. Nina furaha sana.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika jioni, jua bado halijazama. Nina nundu juu ya jicho la kushoto. Nieleze kwa utaratibu.

Alfajiri wale bodaboda wawili walinisaidia kusimamisha turubai, kisha wakapata abiria wa Inyonga wakaondoka. Nikapanga viti. Nikatundika bango langu katikati, palipo wazi. Mezani nikaweka daftari jipya na kalamu, wateja waandike majina na maoni. Nikaingia jikoni, dirisha lake linatazama barabara, nikakomea mlango kwa ndani asiingie mpelelezi, nikaanza kupika.

Saa mbili nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Watu! Kumi na tano! Saa tatu, arobaini! Nikaruka juu na mwiko mkononi. Na watu wenye adabu ya ajabu. Hakuna kelele. Wanaume wamekaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, wengine wametandika mikeka. Wanaandika kwenye daftari kwa utulivu. Mzee mmoja alivua kofia mbele ya picha yangu. Nikasema moyoni, hatimaye mji umenitambua.

Kisha likatokea jambo la kunifurahisha kuliko yote. Zuleha akafunga! Akatoa sufuria zake nje, akashusha mlango. Egide akafunga saluni. Onesphore akafunika cherehani. Eufrazia akaingiza asali ndani. Mtaa mzima umefungwa, mimi peke yangu niko wazi! Nimewashinda wote kabla ya saa nne asubuhi! Niliona huruma kidogo, lakini biashara ni biashara.

Wanawake wa jumuiya wakaja na kuni vichwani. Na unga. Nikashangaa. Mteja gani anakuja hotelini na unga wake?

Wakaanza kuimba. Wimbo wa taratibu, wa kanisani. Mtu mmoja karibu na dirisha langu akauliza mwili utafika saa ngapi.

Mwili! Nikashtuka. Kumbe kuna mtu amefariki, na msiba wake wameuleta kwenye turubai langu! Leo! Siku yangu! Nikamhuzunikia maskini huyo, nikamkasirikia pia. Nikatega sikio nimjue ni nani.

Ndipo nikamsikia Mama Séverine. Anawaeleza watu, sauti inatetemeka, kwamba Oswaldi alijua siku zake. Alikuja mwenyewe Jumatano kuazima turubai la msiba wake! Alisema ni jambo la familia, hataki kulizungumza. Mkewe alikuwa ameshamtanguliza Karema asione. Simu yake imezimwa tangu jana. Hata picha aliichagua mwenyewe, na maua. Watu wakalia. Mtu akasema hivyo ndivyo wanavyokufa watu wenye busara.

Nilikaa juu ya gunia la mkaa. 

Nilipaswa kutoka hapohapo, najua. Lakini wakasema sasa majirani wamzungumzie marehemu kwa ufupi. Nani angetoka? Wewe ungetoka?

Egide alisema nilikuwa mbishi. Onesphore alisema nilikuwa mbishi lakini mchangamfu. Eufrazia alisema niliwahi kumshauri achanganye asali na maji ya mchele, na anamshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza. Watu wakacheka na kulia. Nikaona hawanitendei haki.

Kisha akasimama Zuleha. Nikajiandaa kwa mabaya.

Alisema mwaka ule jiko lake lilipoungua, akabaki na majivu na watoto wawili, aliamka alfajiri akakuta mlangoni jiko la mkaa, na gunia la mkaa pembeni. Hakuna aliyesema limetoka wapi. Lakini alilijua kwa mguu wake uliopinda, maana alikuwa ameliona Agape. Alisema alisubiri miaka minne Kaka Oswaldi amwambie, ili amshukuru. Hakumwambia. Kila siku alikuwa anaukejeli wali wake tu. "Nami nikaona haya kuanza. Sasa nimwambie nani? Nyie mliokaa hapa, nimwambie nani?" Akajifunika uso kwa khanga, akaketi.

Nililia. Nasema wazi hapa, hakuna anayesoma daftari hili. Nililia machozi yakaingia kwenye maharage. Sikujua kama anajua. Nilidhani nimefanya kwa siri kabisa.

Sikuweza kuvumilia. Nikafungua mlango, nikatoka na sinia la ugali mkononi, mvuke unapanda, unga usoni mpaka kwenye nyusi. Nikasema nipo.

Ni hapo nilipokosea, naona sasa. Ningebisha hodi kwanza.

Viti themanini vikapinduka kwa pamoja. Egide akapita juu ya meza. Onesphore akapita chini yake. Mama Séverine akanirushia rozari yake, kisha kitabu cha nyimbo, na hicho ndicho kilichonipata juu ya jicho. Wengine walikimbia mpaka sokoni. Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa amesimama barabarani karibu na pikipiki yake, kofia mkononi. Mzee Maduhu.

Akasogea polepole, akanigusa tumbo kwa fimbo. Akasema kwa masikitiko kwamba Mfipa hata kufa hajui. Kisha akanyanyua kiti kimoja, akakaa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia ameona mwenyewe viti vimejaa. Akakubali, ameona vimejaa. Halafu ameona vimekuwa vitupu. Ahesabu kipi? Hukumu ikabaki Jumamosi kama mwanzo, na mtu wa Dar es Salaam anakuja.

Watu wakarudi mmoja mmoja. Wakanigusa. Wakanikemea. Wakala. Walikula kila kitu! Nikajaribu kueleza kwamba ni chakula cha kuuza. Mama Séverine akasema chakula kilichopikwa chini ya turubai la msiba hakiuzwi, na kama napenda kubishana yuko tayari na kitabu kingine. Nikapakua. Masufuria yakabaki meupe.

Saa tisa na nusu nikasikia yowe kutoka kona ya barabara. Sauti ya Dorika. Habari zilikuwa zimemfikia Karema asubuhi, simu yangu haipatikani, akapanda gari la kwanza na kapu lake la migebuka, kalia njia nzima, khanga imefungwa kiunoni, miguu peku. Viatu aliviacha kwa mama yake, hakuvikumbuka.

Akanikuta nakusanya sahani.

Alisimama. Akanipiga na kapu. Akanikumbatia. Akanipiga tena na kapu. Akakaa chini, akalia kimya, na hicho ndicho kilichoniuma. Mayowe nayaweza. Kimya cha Dorika sikiwezi. Nikamwosha vumbi miguuni kwa maji ya moto. Hakuniambia neno mpaka sasa hivi ninapoandika.

Kesho Maduhu anakuja. Sina nyama, sina maharage, sina unga. Sina hata mpango.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya kula mjini. Gari la matangazo lilipita tangu saa moja. Nilikaa mlangoni na suti yangu, nundu yangu, na viti thelathini vitupu. Nilikuwa na maji ya chai na migebuka ya Dorika, basi. Yeye alikaanga bila kuniangalia.

Mtaa ukajaa kwelikweli. Kutoka Sibwesa, kutoka stendi mpya, watu wamekuja na watoto. Eufrazia kamaliza asali saa tano. Kwa Zuleha foleni mpaka barabarani. Kwangu hakuna mtu. Nikaanza kuviaga viti moyoni. Kile cha pembeni chenye ufa ndicho Fortunatus wetu alichokalia akisoma barua ya kufaulu. Nikaona nitakichukua hicho hata wakinifukuza.

Kisha akaja mama mmoja na wanawe. Akauliza kama hapa ndipo kwa marehemu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama marehemu ndiye anayehudumia mwenyewe. Nikasema ndiye mimi. Wakapiga vigelegele, wakakaa. Wakataka chai iliyomiminwa na marehemu. Baada yao wakaja wanne. Baada yao kumi. Kumbe habari imekwenda mpaka Karema na kurudi.

Lakini chakula? Migebuka ikaisha haraka. Watu wameshika tama, wanatazama jikoni. Na ng'ambo naiona pikipiki ya Maduhu, nyuma yake amekaa mtu mwenye miwani ya jua na viatu vyeupe.

Hapo nikaona Zuleha anavuka barabara. Sinia la wali kichwani, lingine mkononi. Nyuma yake Egide kabeba sufuria ya mchuzi na Onesphore sahani.  Wakaweka mezani kwangu, wakaanza kupakua. Wale wa foleni yake waliokosa nafasi wakamfuata, wakajaza viti vyangu vyote, wengine wakasimama ukutani.

Maduhu akaingia. Akahesabu viti kwa fimbo yake, vyote thelathini, vyote vina watu. Akaonja wali kwenye sahani ya mtu. Akauliza chakula hiki ni cha nani. Nikajua nimekwisha, maana yeye anaujua wali wa Zuleha kama anavyowajua ng'ombe wake.

Zuleha akajibu bila kupepesa macho kwamba ni cha hapahapa Agape.

Maduhu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama nundu yangu. Mtu wa miwani akawa anauliza kwa nini watu wananiita marehemu. Mama wa kwanza akamweleza, kwa furaha na kwa urefu, na kwa vitendo. Mtu yule akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasema nyumba hii ataifikiria upya.

Maduhu akaniambia jambo moja. Kwamba jana alipofika alikuta mtaa mzima umefunga kwa ajili ya mtu mmoja mbishi. Yeye ana ng'ombe na nyumba sita, na hajui kama akifa nani atafunga hata dirisha. Akasema mtu wa namna hiyo hamtoi. Nibaki. Lakini picha ile niishushe, inamtisha.

Dorika akatoka jikoni. Akaniwekea mkono begani, mara ya kwanza tangu jana. 

Nilitaka kumwambia Zuleha asante. Nilivuka barabara jioni kwa ajili hiyo tu. Nilisimama mlangoni kwake. Nikamwambia wali wake leo ulizidi chumvi. Akasema anajua, Kaka, karibu chai. Nikanywa vikombe viwili, nikanyoosha ule mguu wa jiko kwa jiwe. Haukunyooka.

Jumatatu, 23 Juni

Kikao cha tathmini. Wote wanasema siku ilifana, na itarudiwa Jumamosi, tarehe 26 Julai. Zuleha mwenyekiti tena. Mimi nimenyang'anywa turubai na viti. Nimepewa kufagia.

Kufagia! Hivi hawaoni? Nani aliyewaleta watu? Gari la matangazo? Wali uliozidi chumvi? Watu walikuja kumwona marehemu! Hata Zuleha mwenyewe alikiri mbele ya Maduhu kwamba chakula kilikuwa cha Agape. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Nimekaa nimetafakari kwa makini makosa ya Ijumaa ile, ili yasijirudie. Nimeona kosa ni moja tu. Maharage yalikuwa machache.

Dorika ameniuliza naandika nini. Nimemwambia orodha ya sokoni. Akaniambia niape. Nikasema nitaapa baada ya kula.

Nimetazama kalenda. Nikihesabu tangu tarehe 20 Juni, arobaini yangu inaangukia Jumanne, tarehe 29 Julai. Siku mbaya kwa biashara. Nitairudisha nyuma, Ijumaa tarehe 25, siku moja kabla yao. Picha ninayo, ipo chini ya godoro, imekunjika kidogo tu kwenye pua.

Jumatano nitapita kwa Mama Séverine kuazima turubai. Akiuliza la nini, nitamwambia ni jambo la familia.